Sauti ya Hajarah kwenye Albamu ya Spindo

Hajarah alikuwa akipinda ukingo wa gomesi ya bibi harusi, gauni refu la sherehe, aliposikia sauti yake mwenyewe redioni.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa pili, katika chumba cha ushonaji anachopanga na binti yake Madinah nyuma ya soko la Mbale, mashariki ya Uganda. Redio huwashwa hapo asubuhi na kuzimwa wakati wa kufunga. Mtangazaji, kijana aitwaye Wabwire, alikuwa akisoma chati ya albamu kumi za wiki. Akasema namba tisa wameingia wazee, Spindo ya Jinja, waliokuwa wakipiga roki kabla yeye hajazaliwa. Walikaa kimya miaka mingi, sasa wametoa albamu mpya inayoitwa Tumerudi, na wana mwimbaji mpya, msichana anaitwa Zulaika. Kisha akaweka wimbo.

Gitaa lilianza kwa kukwaruza, dramu zikalifuata, halafu ikaja sauti ya kike ikiimba Kiswahili cha kambini, sauti kali isiyoomba ruhusa. Hajarah akatoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Kabla ya ubeti wa pili mwimbaji alivuta pumzi ghafla, pumzi yenye kicheko ndani yake. Hajarah aliijua pumzi hiyo. Aliivuta yeye, mwaka 1986, kwa sababu Wasike mpiga gitaa alikuwa amekanyaga waya na nusura aangukie dramu.

"Mama, umejichoma sindano?" Madinah akauliza.

"Hapana."

"Wimbo mtamu huu. Hao wazee wamepata mtoto anayejua."

Hajarah akarudisha mguu kwenye pedali. Alishona mstari mzima kabla ya kugundua kwamba uzi ulikuwa umetoka kwenye tundu la sindano.

Mwaka ule wa 1986 alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa mkulima wa Budondo, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo mjini Jinja, upande wa kusokota nyuzi. Wanaume watatu wa zamu yake walikuwa na bendi. Waliiita Spindo, kwa jina la vile vyuma vinavyozunguka na kukusanya uzi. Muzafaru alikuwa kiongozi. Wasike, Mkenya aliyetoka Bungoma kutafuta kazi, alipiga gitaa kwa fujo ambayo watu wa Jinja hawakuwa wameizoea, spika zikitetemeka mpaka mtu anashika kifua. Mukama alikaa kwenye dramu. Hajarah walimkuta akiimba mbele ya mashine yake, na sauti inapita juu ya kelele za ukumbi mzima. Muzafaru alimwambia mtu kama yeye hata maikrofoni ni ya kumpunguzia sauti.

Kazi zao nyingi zilikuwa kwenye mesi za askari. Wakati huo watu wengi walikiogopa Kiswahili, kilikuwa lugha ya mtu anayekusimamisha barabarani na bunduki begani. Lakini askari walikuwa na umeme na walikuwa na bia, na walitaka nyimbo ambazo wote wangezielewa. Basi Hajarah akatunga "Zamu ya Pili". Ni wimbo wa msichana anayesimama kwenye geti la kiwanda akimngoja mtu ambaye jina lake liliitwa katika zamu ya kwanza, akatoka nje, hakurudi. Mtu huyo alikuwepo kweli. Alikuwa rafiki yao, fundi wa mashine, waliyemchukua watu wenye silaha mchana kweupe. Askari waliupenda wimbo ule. Kila wiki waliuomba tena, wakiupigia meza, na hakuna aliyeuliza unamhusu nani.

Waliurekodi mara moja tu, Jumapili moja, katika stoo ya kiwanda, kwa mashine ya kanda waliyoazimwa. Juma lile lile baba yake Hajarah alipata habari kwamba binti yake anaimba mbele ya walevi. Hakumpiga wala hakumfokea. Alikuja Jinja, akakaa kwenye geti la kiwanda tangu asubuhi mpaka zamu ilipotoka, akamchukua. Baada ya miezi miwili aliolewa Mbale na Nasif, mfanyabiashara wa saruji, mtu mpole mwenye sharti moja alilolisema mbele ya wazee: hataki mke wa jukwaani. Hajarah alikubali, na kwa miaka thelathini na minane hakuvunja neno hilo. Hata watoto aliwabembeleza bila wimbo.

Mwaka 2009 alifanyiwa upasuaji wa rovu, uvimbe wa shingoni. Kidonda kilipona vizuri, lakini sauti ilibaki chini, yenye mikwaruzo, na akijaribu kuipandisha inakatika. Alijiambia haina neno. Sauti ile ilikuwa haina kazi tena.

Sasa ilikuwa na kazi. Jumamosi iliyofuata Tumerudi ilikuwa namba sita, na wiki iliyofuata namba nne. Vijana wa bodaboda walikuwa na "Zamu ya Pili" kwenye simu zao. Kulikuwa na video pia. Madinah alimwonyesha mama yake: Zulaika amesimama mbele ya kiwanda kibovu, amevaa koti la ngozi, anafungua na kufunga mdomo, na nyuma yake wazee wawili na vijana wawili wanapiga vyombo. Mzee mmoja alikuwa Muzafaru, amekonda, ana miwani nyeusi. Wa pili Hajarah hakumjua; Wasike na Mukama hawakuwemo. Hajarah alikuwa amesikia zamani kwamba Wasike alikufa Tororo, katika ajali ya lori.

Nyumbani, Nasif naye aliupenda. Siku moja alikuwa akitawadha huku akiimba ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini, akikosea maneno.

"Huyu binti Mungu amempa sauti," alimwambia mkewe.

"Maneno si hayo, Baba Madinah," Hajarah akasema, akampelekea taulo.

Jumatatu alifunga safari ya Jinja. Alimwambia Madinah anakwenda kutafuta vitambaa. Nyumba ya Muzafaru aliipata Walukuba, kwenye zile nyumba za zamani za wafanyakazi, kwa kuuliza mara mbili tu, kwa kuwa kila mtu sasa alimjua. Mzee mwenyewe alikuwa uani amekalia stuli, anabadilisha nyuzi za gitaa. Alimtazama mgeni wake kwa muda.

"Haja," akasema mwishowe. "Haja wa Budondo."

"Nimekuja kuulizia sauti yangu."

Muzafaru aliweka gitaa chini. Hakukana, na kwa hilo Hajarah alimshukuru. Alimweleza yote. Kanda aliihifadhi miaka yote ndani ya bati la biskuti. Mtayarishaji mmoja kijana aliisikia, akaisafisha kwa kompyuta, akaongeza dramu mpya chini yake. Walijaribu waimbaji watano warudie kuuimba wimbo, na hakuna aliyeufikia. Mtayarishaji ndiye aliyesema waiache sauti ya zamani na watafute sura mpya, kwa maana hakuna kijana atakayemtazama mzee mwenye fimbo.

"Na mimi? Hukuweza kuniuliza?"

"Ningekuulizaje? Wewe ni mke wa mtu, Hajati mzima. Nije Mbale nibishe hodi kwa mumeo, nimwambie nataka ile sauti uliyoikataza? Nilikulinda, Haja."

"Hukunilinda. Ulikuwa na haraka."

Mzee akacheka kidogo. Akamwuliza anataka nini, na alipouliza alitazama kando, kwa sababu alidhani ataombwa fedha.

"Nataka jina langu lisemwe," Hajarah akasema. "Mara moja. Jumamosi, kwenye chati. Useme aliyetunga na aliyeimba ni Hajarah wa Budondo. Wakishajua, huyo mtoto aendelee kucheza mbele yenu, sina ugomvi naye."

"Ngoja tufike namba moja. Wataniita studio kwa mahojiano. Hapo nitasema. Sasa hivi nikisema, watu watatuona waongo, tutaanguka kabla ya kupanda. Nakuahidi."

Alikubali kungoja. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Wiki mbili baadaye Tumerudi ilifika namba moja. Wabwire alitangaza kwa shangwe kwamba ni mara ya kwanza bendi ya watu waliovuka sitini kukaa juu ya chati yao, tena kwa roki, muziki ambao yeye mwenyewe alidhani umekufa. Akasema wageni wako studio, Mzee Muzafaru na Zulaika. Hajarah alimwomba Madinah asimamishe cherehani yake. Wateja wawili waliokuwa wakingoja kupimwa walinyamaza pia, wakidhani ni taarifa ya habari.

Wabwire akauliza siri ya albamu ni nini. Muzafaru akasema ni uvumilivu. Akamsifu Zulaika. Halafu sauti yake ikawa nzito.

"Nataka niwakumbuke wenzangu tulioanza nao kiwandani, ambao hawakuifikia siku hii. Wasike, ndugu yetu kutoka Kenya. Mukama wa dramu. Na kulikuwa na dada mmoja, mtu wa Budondo, aliyekuwa akituimbia mwanzo kabisa. Naye alishatangulia mbele ya haki. Mungu awarehemu wote."

"Amina," Wabwire akasema, na akauweka wimbo.

Hajarah alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekaa wima, mikono juu ya magoti. Mmoja wa wateja aliuliza kama mama anaumwa. Madinah aliwatoa nje kwa adabu, akafunga mlango, na hapo mama yake alimwambia yote, toka mashine za kusokota mpaka bati la biskuti.  Madinah akaleta maji, akapiga magoti kama mtu anayemsalimu mama mkwe, akampa.

Kwa Nasif habari ilikuwa ngumu zaidi. Hajarah alimweleza baada ya chakula cha mchana Jumapili, watu wengine wakiwa wameondoka.

"Yule binti unayemsifu redioni ni mimi."

Nasif alifikiri anataniwa. Alipoona uso wa mkewe aliacha kutabasamu.

"Ulikuwa ukiimba hivi?"

"Hivi."

"Na mimi ndiye niliyekataza."

"Ndiyo."

Mzee alishika tasbihi yake, akaizungusha bila kuhesabu chochote. Kisha akasema, "Nenda kawaambie. Haki yako ni yako." Hajarah alikuwa ameanza kusimama, macho yamejaa, Nasif alipoongeza: "Lakini jina langu usilitaje. Msikitini watu wana maneno."

Basi alikwenda redioni na Madinah, bila jina la mumewe. Wabwire aliwapokea vizuri, aliwapa viti na soda. Ni kijana mwenye heshima, kila sentensi alianza na Hajati. Hajarah alimsimulia. Alimwambia auweke wimbo, akamwonyesha ile pumzi kabla ya ubeti wa pili na sababu yake. Alimwambia mtu wa kwenye wimbo alikuwa nani na alichukuliwa vipi. Wabwire aliacha kuandika, akawa anamsikiliza tu. Alikuwa karibu kuamini. Pengine alikuwa ameamini tayari.

Fundi mitambo aliyekuwa amesimama mlangoni ndiye aliyesema. "Si Hajati aimbe kidogo tu? Mstari mmoja. Tutajua."

Hajarah alieleza habari ya rovu. Fundi akatazama dari. Wabwire akasema kwa upole, "Hata kwa chini chini, Hajati."

Alijaribu. Madinah anasema hatasahau siku ile mpaka kufa kwake. Mstari wa kwanza ulitoka kama mtu anayesafisha koo, wa pili ulikatika katikati, na wakati wa kupandisha hakikutoka kitu isipokuwa hewa. Akasimama hapo, mdomo wazi, shingo imekaza, kovu la upasuaji likionekana chini ya ushungi. Fundi alitoka nje. Hakucheka mbele yao.

"Hajati, acha namba yako," Wabwire akasema. "Nitafuatilia."

Hakupiga simu. Lakini wiki ya nne ya albamu kuwa juu ya chati, alimwalika Zulaika peke yake na akamwuliza kuhusu ile pumzi ya ubeti wa pili, ilitokana na nini. Zulaika akafikiri kidogo, akasema ilikuwa hisia. Alikuwa amewaza mpenzi aliyemwacha, ndiyo maana wimbo ni wa msichana anayengojea mpenzi wake atoke kazini. Wabwire akasema ni jambo la kugusa moyo. Chumbani kwao nyuma ya soko, Hajarah aliendelea kutoa pini kwenye kitambaa, moja moja, akiziweka mdomoni kama mafundi wanavyofanya.

Tumerudi ilikaa namba moja wiki nane. Katika wiki ya tisa Zulaika aliachana na bendi. Alisema wazee wanamzuia, kwamba sauti iliyoipandisha albamu ni yake, na kwamba "Zamu ya Pili" ataurudia peke yake. Mashabiki walimfuata. Albamu ikashuka hadi namba tano, halafu tisa, halafu Wabwire akasoma majina kumi bila kuitaja.

Jumatano iliyofuata Muzafaru alitokea Mbale. Alikuja na fimbo, amechoka, akakaa kwenye kiti cha wateja. Madinah hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Yule mtoto ametuibia, Haja," akasema. "Anasema sauti ni yake. Nimewaambia watu wa redio kwamba huo ni uongo, wakaniuliza kama si yake ni ya nani. Nikawaambia niko tayari kumleta mwenyewe."

Hajarah akakata uzi kwa meno.

"Twende wote. Nitasema jina lako lote, jina la baba yako, kila kitu. Nina kanda halisi, ina tarehe. Nikiwa pembeni yako hawatakuambia uimbe. Ndicho ulichokuwa unataka."

Kilikuwa ndicho. Madinah alimtazama mama yake, na kwa kweli yeye alitaka akubali. Alikuwa amekwisha kuinuka kutafuta mkoba.

"Utawaambiaje?" Hajarah akauliza. "Jumamosi ile uliniombea rehema, Uganda nzima ya mashariki ikaitikia amina. Wabwire mwenyewe aliitikia. Nitaingia mle ndani kama nani?"

"Nilikosea. Niliogopa."

"Hukukosea. Ulinizika kwa sababu nilikuwa nakuzuia kupita. Sasa umekwama unataka nifufuke nikusukume. Mimi ni fundi wa gomesi, Muzafaru. Watu wa zamani wa bendi yako wamekufa, ulisema mwenyewe."

"Haja, nisipofanya hivi yule mtoto atauchukua wimbo moja kwa moja. Jina lako halitasikika tena popote."

"Najua."

Muzafaru alingoja kidogo, labda akidhani atabadili nia. Alipoinuka, fimbo iliteleza kwenye vipande vya kitambaa, na Madinah ndiye aliyemshika mkono mpaka nje.

"Mama, ungekwenda tu," Madinah akasema aliporudi. "Ungekwenda kwa ajili yako, si kwa ajili yake."

Hajarah alisema hajui. Siku nyingine aliamini alifanya vyema, siku nyingine alijua kwamba hasira ilikuwa imempokonya kitu cha mwisho alichobakiwa nacho. Zulaika aliurudia wimbo kama alivyotangaza, katika studio ya Kampala, safari hii kwa sauti yake halisi, nzuri ya kawaida. Uliingia chati ukiwa namba mbili. Mtunzi aliandikwa Zulaika.

Mwezi wa kumi Muzafaru akafa, kwa ugonjwa wa figo aliokuwa amewaficha watu. Redio ilipiga nyimbo zake siku tatu mfululizo, na Jumamosi hiyo Tumerudi ilirudi kwenye chati, kutoka nje kabisa mpaka namba moja. Wabwire alisoma tangazo hilo kwa sauti ya majonzi.

Hajarah alikwenda mazishini. Nasif alimpa ruhusa bila kuuliza maswali. Uani Walukuba kulikuwa na hema, watu wa magazeti, na Zulaika aliyevaa nyeusi, akilia mbele ya kamera kwa machozi ambayo yalionekana ya kweli. Hajarah alipita nyuma, akajiunga na wanawake waliokuwa wakimenya matoke. Walimpa kisu, wakasogea apate nafasi.

"Wewe ni nani wa marehemu?" mmoja akamwuliza.

"Tulifanya kazi pamoja kiwandani," akasema.

"Basi ulimsikia akipiga tangu zamani."

"Nilimsikia."

Yule mwanamke alingoja asikie zaidi. Alipoona mgeni hana la kuongeza, alimsogezea mkungu mwingine, na Hajarah akauvuta karibu yake akaendelea kumenya.